Namna ya kumchunguza mgombea wa Seneti ya jimbo: daftari langu la Minnesota

Miaka kadhaa iliyopita, Jumapili moja, mgombea wa Seneti ya jimbo alikuja kanisani kwetu, huku kaskazini mwa Minneapolis. Alisimama mbele akasema "Jambo", tukafurahi. Akasema "Asante sana", tukapiga makofi. Kisha akaahidi kwamba akichaguliwa atashughulikia makaratasi ya uhamiaji, jamaa zetu walioko nyumbani wafike haraka. Makofi yakazidi. Mama aliyeketi mbele yangu alijifuta machozi. Mumewe alikuwa Eldoret, mwaka wa tatu anasubiri viza.

Na mimi nilipiga makofi. Baadaye ndipo nilipojua kwamba seneta wa jimbo hana mamlaka yoyote juu ya viza. Viza ni kazi ya serikali ya taifa, Washington, wala haipiti kabisa St. Paul ambako bunge la Minnesota hukaa. Yule mama alikuwa amelilia ahadi ambayo mtoaji hakuwa na uwezo wa kuitimiza hata angetaka. Jambo hilo liliniuma, na bado linaniuma.

Mimi ni muuguzi wa ngazi ya LPN, nafanya zamu ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Nilizaliwa Taita, nikakulia Kisauni, Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa 17 Minnesota. Tangu Jumapili ile nina daftari. Kila uchaguzi wa jimbo unapokaribia, kila mgombea wa Seneti wa wilaya yetu anapata kurasa zake mbili. Wenzangu kazini na kanisani wameniomba niwaonyeshe ninavyofanya, ndiyo maana naandika. Mfano wangu ni Minnesota kwa sababu ndiko ninakoishi. Aliye Texas, Iowa au Maine atakuta afisi zenye majina mengine, ila kazi ni hiyo hiyo.

Kwanza jua ni Seneti ipi

Kenya tuna Seneti moja, yenye maseneta 47 waliochaguliwa, mmoja kwa kila kaunti, pamoja na wale wa kuteuliwa. Kwa hiyo mtu akisikia "seneta" hana haja ya kuuliza wa wapi. Hapa ni tofauti. Minnesota ina maseneta wawili Washington, halafu ina Seneti yake yenyewe, St. Paul, yenye viti 67. Kila kiti cha St. Paul kinawakilisha watu kama 85,000 hivi. Kwenye karatasi ya kura ya tarehe 3 Novemba 2026 utakuta mstari unaosema U.S. Senator na mwingine unaosema State Senator. Huo wa pili ndio ninaouzungumzia. Viti vyote 67 vinagombewa mwaka huo.

Usidhani ni kiti kidogo. Baada ya uchaguzi wa 2022, Seneti ya Minnesota iligawanyika viti 34 vya DFL, hilo ndilo jina la chama cha Democrats hapa, na 33 vya Republican. Kiti kimoja tu! Sheria nyingi zilizobadilisha maisha yetu mwaka 2023 zilipitishwa na wingi huo mdogo.

Kujua wilaya yako ni kazi ya dakika mbili. Nenda kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo, anayesimamia uchaguzi, andika anwani yako, na uchaguzi ukikaribia utaonyeshwa mfano wa karatasi ya kura utakayopewa, na majina yote. Tovuti ya bunge nayo ina sehemu ya kukuonyesha anayekuwakilisha sasa. Fanya hivyo upya kila unapohama. Sisi huhama sana, tukifuata kodi nafuu au shule nzuri. Ukitoka Brooklyn Center ukaenda Maple Grove, umebadilisha seneta pamoja na nyumba. Mipaka yenyewe pia ilichorwa upya mwaka 2022, kufuatia sensa ya 2020.

Andika maswali yako kabla ya kusoma majibu yake

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na nilikosea hapa pia. Ukianza na tovuti ya mgombea, utasoma mambo aliyochagua yeye: "shule bora", "mitaa salama", "uchumi wa wote". Nani atakataa shule bora? Funga simu kwanza. Chukua kalamu. Andika mambo matatu yanayokunyima usingizi nyumbani kwako, kisha ujiulize kama yanaamuliwa St. Paul.

Viza, hifadhi ya ukimbizi, uraia, marufuku ya kusafiri: hayo ni Washington. Ukimwuliza mgombea wa jimbo atakujibu kwa huruma, na utarudi nyumbani na huruma yake. Lakini leseni ya udereva ni jimbo. Leseni ya uuguzi ni jimbo. Malipo ambayo nyumba ya wazee inapata kwa kila mgonjwa aliye kwenye bima ya serikali, ambayo ndiyo yanayoamua kama CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, ataongezwa mshahara, yanapitia bunge la jimbo. Leseni za nyumba za kulelea watu wenye ulemavu, ambazo Wakenya wengi hapa wamezifungua, ni jimbo. Siku za ugonjwa zenye malipo ni jimbo: tangu tarehe 1 Januari 2024 kila saa 30 unazofanya kazi zinakupa saa 1, mpaka 48 kwa mwaka. Karo ya chuo pia. Mpango wa North Star Promise ulioanza msimu wa vuli wa 2024 unalipia karo ya vyuo vya umma kwa familia zenye mapato chini ya dola 80,000 kwa mwaka, na ulitungwa St. Paul.

Swali langu la kwanza huwa lile la mkataba wa leseni za wauguzi. Majimbo mengi ya Marekani yameingia mkataba unaomruhusu muuguzi mwenye leseni ya jimbo moja kufanya kazi katika mengine bila kuomba leseni nyingine. Wisconsin wamo, Iowa wamo, Dakota zote mbili zimo. Majirani zetu hao wote wamo, Minnesota haimo. Ninao wenzangu wanaoishi Hudson, ng'ambo ya mto St. Croix, ambao imewabidi walipie leseni ya pili ili wavuke daraja kuja kazini. Chama cha wauguzi cha Minnesota kinaupinga mkataba, kikisema utalegeza viwango na kurahisisha kuleta wauguzi wa kuziba nafasi wakati wa mgomo. Chama cha hospitali kinautaka. Mimi binafsi nautaka, japo hofu ya chama cha wauguzi naielewa, maana nimewahi kuona wodi ikiendeshwa na wageni wasiojua hata kabati la dawa liko wapi.

Nimelieleza kwa urefu kwa sababu hili ni swali zuri la kumpimia mgombea. Halifuati sana mistari ya "sisi ni wema, wale ni wabaya". Mgombea anayejua kazi yake atakuwa na jibu, na jibu litamgharimu marafiki fulani. Tafuta swali lako la namna hiyo. Shemeji yangu anaendesha Uber. Swali lake ni la kima cha chini cha malipo ya madereva. Jirani yangu ana mtoto mwenye usonji. Lake ni la huduma za mtoto huyo. Usiazime swali langu kama si lako.

Yeye ni nani hasa

Sheria ya Minnesota inataka mgombea wa Seneti awe na umri wa miaka 21, awe ameishi jimboni mwaka mzima na katika wilaya yake miezi sita kabla ya uchaguzi. Hiyo miezi sita si mapambo. Mwaka 2024 Curtis Johnson, wa DFL, alishinda kiti cha Baraza la Wawakilishi la jimbo, ambalo pamoja na Seneti ndilo bunge letu, katika wilaya ya 40B, upande wa Roseville, tena kwa kura nyingi. Mpinzani wake akaenda mahakamani, na Desemba jaji akaamua kwamba hakuwa akiishi wilayani. Johnson hakukichukua kiti, uchaguzi ukarudiwa Machi 2025. Chama chake kilianza mwaka kikiwa pungufu kwa kiti kimoja katika baraza lililokuwa limegawanyika sawa, viti 67 kwa 67. Watu wote waliosimama foleni kumpigia walirudi nyumbani bila mwakilishi.

Lakini naomba unisikie vizuri hapa. Usiende kutafuta nyumba ya mgombea. Usiipige picha, usiitume anwani yake kwenye kundi la WhatsApp. Tarehe 14 Juni 2025, mtu aliyevaa kama polisi alikwenda usiku nyumbani kwa Melissa Hortman, aliyewahi kuwa Spika wa Baraza hilo, Brooklyn Park, mji wenye Wakenya wengi, akamuua yeye na mumewe Mark. Kabla ya hapo alikuwa Champlin, nyumbani kwa Seneta John Hoffman, akampiga risasi yeye na mkewe Yvette. Hao walipona. Siku ile tuliamshwa na simu zinazotuambia tusifungue mlango. Makazi ya mgombea yakiwa na shaka, kuna mahakama ya kulishughulikia jambo hilo. Kazi yangu na yako ni kusoma maandishi ya wazi.

Maandishi hayo yako wapi? Kama amewahi kuwa mbunge, maktaba ya bunge ina ukurasa wa kila mtu aliyewahi kuhudumu, tangu enzi za kabla Minnesota haijawa jimbo: kazi yake, elimu, kamati alizokaa. Kama ni mgeni, tafuta alikotokea. Wengi huanzia baraza la jiji au bodi ya shule, na vikao vya huko vina kumbukumbu zilizoandikwa na mara nyingi video. Mimi hukaa na chai ya tangawizi nikatazama nusu saa ya kikao cha kawaida, kile cha bajeti ambacho hakina kamera za habari. Utamwona kama amesoma makaratasi, na kama anamkatiza mwananchi aliyesimama kulalamikia takataka. Nusu saa hiyo imenifunza zaidi ya hotuba zote nilizowahi kusikia kanisani.

Kisha kuna fomu ya maslahi ya kiuchumi, ambayo kila mgombea huijaza na kuipeleka kwenye Bodi ya Fedha za Kampeni ya jimbo. Inaonyesha anafanya kazi wapi na ana mali gani nyingine. Bunge letu si la kazi ya mwaka mzima, kwa hiyo maseneta wengi wana shughuli nyingine: wakulima, walimu, mawakili, wenye biashara. Hakuna ubaya. Lakini kama mtu anamiliki nyumba za kupangisha na anataka kukaa kamati ya makazi, nataka kujua kabla, nisije nikajua baadaye.

Kumbukumbu za mahakama za Minnesota zinaweza kutafutwa mtandaoni bila malipo. Tumia kwa kiasi. Majina hufanana, na sisi wenye majina kama Mohamed na Johnson tunalijua hilo. Shtaka si hukumu. Tikiti ya kuendesha gari kasi miaka kumi iliyopita haikuhusu. Ukiona jambo zito, tafuta gazeti linaloaminika lililoandika habari yake, na kama hakuna, liache hapo hapo. Nimeona mtu akichafuliwa kwenye kundi letu kwa kosa la mwenye jina kama lake, na aliyelituma hakurudi kuomba radhi.

Fuata pesa kwa kalamu mbili

Tovuti ya Bodi hiyo hiyo ina ripoti za michango. Kila aliyempa mgombea zaidi ya dola 200 kwa mwaka anatajwa kwa jina na anakofanya kazi. Nachapisha ripoti nzima maktaba. Kwa kalamu ya bluu naweka alama kwa watu wa kawaida wa miji ya wilaya yetu: mwalimu, fundi, mstaafu. Kwa kalamu nyekundu naweka alama kwa walobisti, yaani wanaolipwa kuwashawishi wabunge, kamati za kisiasa na vyama vya sekta. Halafu naiweka karatasi mezani na kuitazama kwa mbali.

Nyekundu si dhambi. Chama cha wafanyakazi wa nyumba za wazee kikitoa mchango, hicho ni chama changu pia. Natafuta kama nyekundu zinaelekea upande mmoja, na kama upande huo unagusa moja ya maswali yangu matatu. Mgombea aliyepokea pesa za wenye nyumba za wazee kutoka kila pembe ya jimbo, huku akituambia sisi CNA na LPN kwamba yuko nasi, namwuliza mbele ya watu atasimama wapi malipo yetu yakijadiliwa. Mwaka 2023 bunge liliunda bodi ya kuweka viwango vya kazi katika nyumba za wazee, yenye wawakilishi wa wafanyakazi na wa waajiri, na mvutano juu yake haujaisha. Hapo ndipo pesa na msimamo hukutana.

Neno moja kuhusu vijikaratasi vinavyojaa kwenye sanduku la posta Oktoba, vyenye picha ya mgombea aliyekunja uso. Soma maandishi madogo ya chini. Lazima yaseme nani amelipia. Kama si kampeni ya mgombea yeyote bali ni kundi lingine lililojitegemea, basi mgombea kinayemfaidi huenda hakukiona kabla yako. Usimsifu wala kumlaumu kwa hicho.

Kura zake: hapa kaa muda mrefu

Kama mgombea amewahi kuwa bungeni, hata Baraza la Wawakilishi, msimamo wake hauko kwenye tovuti ya kampeni. Uko kwenye kura zake. Kila mswada Minnesota una namba: HF kama umeanzia Baraza la Wawakilishi, SF kama umeanzia Seneti. Kwenye tovuti ya bunge unaweza kutafuta kwa namba, kwa neno, au kwa jina la mbunge. Ukitafuta kwa jina, utaona miswada aliyoianzisha yeye na ile aliyoweka tu sahihi chini ya mwenzake. Tofauti hiyo ni kubwa. Mwanzilishi mkuu ndiye anayeubeba, anausimamia kwenye kamati, anajibu maswali. Mwenye sahihi ya nne ameunga mkono tu, na pengine hajausoma mpaka mwisho.

Anza na mfano mwepesi. HF 4 ya 2023 ni mswada wa leseni za udereva kwa wakaazi wote, bila kuuliza hali ya uhamiaji. Seneti iliupitisha Februari kwa kura 34 dhidi ya 31. Gavana Tim Walz akautia sahihi tarehe 7 Machi, na ukaanza kutumika tarehe 1 Oktoba mwaka huo. Hapo hapana ukungu: mswada mmoja, jambo moja. Aliyepiga ndiyo alitaka hivyo, aliyepiga hapana hakutaka. Fungua kumbukumbu za Seneti za siku hiyo, utaona majina yamepangwa.

Sasa mfano mgumu. Mwaka 2023 bunge liliwapa wahamiaji wasio na makaratasi nafasi ya kununua bima ya afya ya jimbo iitwayo MinnesotaCare, kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Mwaka 2025, mabaraza yakiwa yamegawanyika na bajeti haijapita, viongozi walikubaliana kuwaondoa watu wazima na kuwabakisha watoto. Kura ya Seneti tarehe 9 Juni 2025 ilikuwa 37 kwa 30. Piga hesabu: Republican wote 33 na DFL wanne. Mmoja wa hao wanne alikuwa Erin Murphy, kiongozi wa walio wengi, naye ni muuguzi kama mimi. Ukisoma tu kura, utasema Murphy alitaka watu wazima waondolewe. Ukisoma siku zile, utaona kwamba mapatano hayo ndiyo yaliyoifungulia bajeti nzima njia, na serikali ya jimbo ilikuwa inakaribia kufungwa.

Je, alifanya sawa? Mimi nina jibu langu na halijanipa amani. Nina mgonjwa niliyemhudumia ambaye bima hiyo ndiyo iliyokuwa ikimnunulia insulini. Lakini nyumba yetu ya wazee nayo inaendeshwa na pesa za bajeti ile. Wewe soma mwenyewe uamue. Ninachotaka ujue ni kwamba kura moja inahitaji ukurasa mzima wa maelezo, na anayekutumia kura hiyo kwa mstari mmoja kwenye WhatsApp amekunyima ukurasa.

Miswada mikubwa ya mwisho wa kikao ina shida zaidi. Usiku wa tarehe 19 Mei 2024, dakika chache kabla ya saa sita, DFL walipitisha mswada mmoja wenye kurasa zaidi ya 1,400, umekusanya mambo ya idara nyingi. Kwa hiyo kijikaratasi kikikuambia "alipiga kura kupinga jambo fulani", angalia kama jambo hilo lilikuwa ndani ya furushi la namna hii. Ukipata kura ya kamati, au kura ya marekebisho juu ya jambo lenyewe peke yake, hiyo ina uzito kuliko kura ya furushi.

Na usisahau anayeweza kuuzuia mswada hata ukipita. Mswada wa kwanza wa malipo ya madereva wa Uber na Lyft ulipita bungeni 2023 na Walz akaukataa, kura yake ya turufu ya kwanza tangu awe gavana. Mwaka 2024 ukarudi umebadilishwa, ukapita, na kima kikawa dola 1.28 kwa maili na senti 31 kwa dakika. Shemeji yangu alimwuliza mgombea mmoja, "Ulikuwa upande gani?" Akajibu, "Wa madereva." Shemeji akauliza tena, "Mwaka gani, 2023 au 2024?" Maana waliounga mkono wa 2023 walitaka malipo ya juu zaidi. Mgombea akanyamaza kidogo, kisha akaanza kueleza. Mazungumzo ya kweli yalianzia hapo.

Kumwuliza uso kwa uso

Mwenzangu wa zamu, mama kijana kutoka Bukavu, aliniambia, "Mama, mimi Kiingereza yangu ni ya kazi tu. Nitamuuliza aje huyu mutu mukubwa?" Nikamwambia, andika swali lako kwa Kiswahili kwanza, halafu binti yako akutafsirie, halafu ulisome kwenye karatasi. Hakuna atakayecheka. Alilisoma kwenye mkutano, karatasi ikitetemeka, na ukumbi mzima ukanyamaza kumsikiliza.

Swali zuri lina sehemu mbili, na ni fupi. "Ukichaguliwa, utapiga kura ndiyo au hapana kwa Minnesota kuingia mkataba wa leseni za wauguzi? Na kama bado hujaamua, utaamua kwa kumsikiliza nani?" Sehemu ya pili ndiyo inayofungua mlango. Mgombea mpya anaweza kusema kweli kwamba hajaamua, na hilo namheshimu. Kisha andika jibu lake hapo hapo, kwa maneno yake, na tarehe. Akipiga simu au akibisha mlangoni kuomba kura, usimfukuze hata kama umechoka na zamu. Huo ndio wakati ana haja na wewe. Ofisi ya kampeni isipojibu barua pepe, andika tena baada ya wiki, na kama bado kimya, andika "hajajibu" kwenye daftari. Kutojibu nako ni habari.

Tazama pia waliomwidhinisha. Vyama vya wafanyakazi, wafanyabiashara, walimu na makundi mengine huwapa wagombea fomu za maswali kabla ya kuwaidhinisha. Mwulize mgombea kama yuko tayari kukuonyesha alivyojibu.

Tarehe, na nani anaruhusiwa

Katika wilaya zinazoegemea sana chama kimoja, uchaguzi wa kweli huisha kabla ya Novemba. Mikutano ya mitaa ya vyama ni tarehe 3 Februari 2026, kisha vyama hufanya makongamano ya wilaya kuidhinisha mgombea, na DFL hudai asilimia 60. Wagombea huandikishwa kati ya tarehe 19 Mei na 2 Juni. Kura ya mchujo ni tarehe 11 Agosti. Minnesota hujiandikishi kuwa mwanachama wa chama. Siku hiyo unachagua safu ya chama kimoja tu, ukichanganya kura zako za mchujo zinaharibika. Kura ya mapema huanza siku 46 kabla, yaani tarehe 18 Septemba kwa uchaguzi wa Novemba. Kwa hiyo ukianza kuchunguza Oktoba umechelewa, mara nyingine miezi minane.

Mwajiri lazima akuruhusu kwenda kupiga kura bila kukukata mshahara. Waambie wenye nyumba za wazee hivyo kwa adabu, na ikibidi waonyeshe sheria. Ndani ya chumba cha kura unaruhusiwa kuingia na karatasi yako ya maelezo. Mimi huingia na ukurasa wa daftari. Usiende umevaa fulana au beji ya mgombea.

Na hili nalisema kwa mkazo kwa sababu limeharibu maisha ya watu: mwenye grini kadi hapigi kura, na hajiandikishi. Ukienda kwa leseni ya udereva, soma kila sanduku la fomu kabla ya kutia sahihi, na ukiletewa barua ya uandikishaji kimakosa, tafuta wakili kabla hujafanya lolote. Lakini kuuliza, kuhudhuria, kutoa ushahidi mbele ya kamati St. Paul, hayo hayahitaji uraia. Miaka yangu ya kwanza ya kuuliza maswali sikuwa raia, na walinijibu.

Daftari la mwaka huu lina majina mawili. Mmoja amejibu maswali yote matatu, na jibu la mkataba wa leseni sikulipenda. Wa pili amejibu mawili vizuri sana, la tatu mara mbili ameniambia "tutazungumza". Jumamosi saa nne asubuhi ana mkutano maktaba. Natoka zamu saa moja. Nitaoga, ninywe chai, niende na karatasi yangu.